Seli, chembe, kiini, kinasaba: istilahi za biolojia ya seli na bioinfomatiki

Makala haya yanaeleza maana, ngeli na matumizi ya istilahi za msingi zinazohitajika katika kozi za shahada ya kwanza za biolojia ya seli na bioinfomatiki. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Mkoa wa Singida, Tanzania, ambako vitunguu, alizeti na kuku wa kienyeji ni sehemu ya maisha ya kila siku. Huko, mwanafunzi wa sayansi huvuka lugha mara mbili kabla ya kufika chuo kikuu. Mara ya kwanza hutoka katika lugha ya nyumbani, kwa mfano Kinyaturu au Kinyiramba, akaingia katika Kiswahili cha shule ya msingi ya serikali. Mara ya pili huacha Kiswahili cha somo la sayansi la shule ya msingi na kuanza somo la Biolojia la sekondari, linalofundishwa kwa Kiingereza. Mihadhara ya chuo kikuu nayo huendelea kwa Kiingereza.

Kuna mvuko wa tatu ambao mitaala huutaja kwa nadra. Mhitimu anaporudi kuwa mwalimu, mtaalamu wa maabara au mtafiti, wale anaowahudumia huzungumza Kiswahili. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa na mkulima anayeulizwa kuhusu mbegu wote wanahitaji maneno yaliyo sahihi na yanayoeleweka. Istilahi nyingi zipo tayari: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoka mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ya taasisi hiyohiyo ikafuata mwaka 2003. Tatizo kubwa ni kwamba maneno mawili yenye maana tofauti hutumiwa kana kwamba ni moja.

seli nm [i-/zi-]

Sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo hai na inayoweza kujiendesha: hula, hutoa taka, hukua na kugawanyika. Kuna viumbe vyenye seli moja tu, kama bakteria na amiba, na vingine, kama binadamu na mti wa mbuyu, vyenye seli nyingi mno.

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, nacho kililipata kutoka neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichunguza kipande cha gome la mti, akaona vijumba vilivyopangana, akavipa jina hilo. Kwa asili hiyohiyo, *seli* ya mahabusu na *seli* ya mwili ni ndugu wa neno moja. Muktadha kwa kawaida hutofautisha maana hizo, lakini katika kichwa cha habari au swali fupi la mtihani ni vema kuandika *seli ya mwili*, *seli ya mmea* au *seli hai*.

Upatanisho: seli hii, seli hizi; seli imegawanyika, seli zimegawanyika. Umbo *maseli* si sanifu.

Michanganyiko: *seli shina*, *seli za saratani*, *seli nyekundu za damu*, *selimundu*.

Mfano: *Kila seli hutokana na seli nyingine iliyokuwepo kabla yake.* Hii ndiyo kanuni iliyoenezwa na Rudolf Virchow mwaka 1855, baada ya Matthias Schleiden na Theodor Schwann kueleza, mwaka 1838 na 1839, kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli.

chembe nm [i-/zi-]

Kipande kidogo sana cha kitu chochote: chembe ya mchanga, chembe ya mtama, chembe ya ukweli. Katika fizikia ni sehemu ndogo ya maada. Katika lugha ya hospitali na magazeti neno hili hutumika kwa maana ya seli: *chembe nyekundu za damu*, *chembe nyeupe*, *chembechembe za kinga*. Matumizi hayo yamekomaa, na hakuna sababu ya kumsahihisha mgonjwa anayeyatumia.

Katika maandishi ya kitaaluma, hata hivyo, *chembe* isitumike badala ya *seli*. Damu ina seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani. Chembe sahani ni vipande vilivyomeguka kutoka seli kubwa za uboho, wala si seli kamili. Anayeziita zote *chembe* huifuta tofauti ambayo mwanafunzi anatakiwa kuieleza. Vivyo hivyo, kirusi kinaweza kuitwa *chembe*, lakini hakiwezi kuitwa *seli*, kwa sababu hakijiendeshi chenyewe mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine.

kiini nm [ki-/vi-]

1 Sehemu ya ndani kabisa au ya kati ya kitu: kiini cha mti. 2 Jambo la msingi: kiini cha mgogoro. 3 Sehemu ya njano ya yai. 4 *Biolojia*: sehemu ya seli yenye kuhifadhi kromosomu. 5 *Fizikia*: sehemu ya kati ya atomu.

Maana ya 3 na ya 4 huchanganywa mara kwa mara darasani. Mwanafunzi aliyekulia katika boma lenye kuku anajua vema kiini cha yai, hivyo anapoambiwa kwamba seli ina kiini hulichukua yai kuwa kielelezo: ute ni saitoplazimu na sehemu ya njano ni kiini. Kielelezo hicho kinapotosha. Sehemu ya njano ya yai la kuku, pamoja na doa dogo jeupe lililo juu yake, kwa asili ni seli moja kubwa ya yai iliyojaa akiba ya chakula. Kiini kwa maana ya 4 kimo ndani ya doa hilo na hakionekani kwa macho. Ute na ganda huongezwa na mwili wa kuku baadaye, na havimo ndani ya seli hiyo.

Mwalimu anaweza kutumia *kiini cha yai* kwa maana ya 3 na *kiini cha seli* au *kiiniseli* kwa maana ya 4, bila kuacha neno *kiini* peke yake pale ambapo yai na seli vinatajwa pamoja. *Kiinitete* ni neno jingine: ni mimba changa katika hatua za mwanzo za ukuaji.

utando nm [u-/zi-] na ukuta nm [u-/zi-]

*Utando wa seli* ni tabaka jembamba linaloizunguka kila seli na kuchagua kinachoingia na kinachotoka. *Ukuta wa seli* ni tabaka gumu lililo nje ya utando katika seli za mimea, kuvu na bakteria walio wengi. Seli ya mnyama ina utando lakini haina ukuta.

Jaribio la kwanza la hadubini katika shule na vyuo vingi hufanywa kwa kitunguu. Gamba nene la ndani huvunjwa, ngozi yake nyembamba hubanduliwa, huwekwa juu ya slaidi pamoja na tone la iodini, kisha hufunikwa kwa kioo chembamba. Mwanafunzi wa Singida hahitaji kutafuta kitunguu mbali, kwa kuwa mkoa huu ni miongoni mwa wazalishaji wanaojulikana wa zao hilo nchini.

Tatizo huanza wakati wa kuandika ripoti. Ngozi iliyobanduliwa huitwa *utando* katika lugha ya kawaida, na mwanafunzi huandika: *Niliona utando wa kitunguu.* Msomaji hawezi kujua kama anamaanisha ngozi aliyoibandua au utando wa seli. Tofauti hii si ndogo. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hadi 10 hivi, ilhali hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban nanomita 200. Kinachoonekana wazi katika jaribio hilo ni ukuta wa seli na kiini kilichotiwa rangi na iodini. Utando umejibana kwenye ukuta, hivyo hautofautishwi nao. Inapendekezwa kuandika *ngozi nyembamba ya kitunguu* au *epidemisi* kwa kile kilichobanduliwa, na kuacha *utando* kwa ajili ya seli.

Ripoti isitaje *kloroplasti* pia. Kitunguu hukaa sehemu isiyofikiwa na mwanga wa kutosha, na seli za magamba yake ya ndani hazina kloroplasti. Mwanafunzi anayeichora huwa amenakili mchoro wa kitabu na kuacha kuchora alichokiona.

hadubini nm [i-/zi-] na darubini nm [i-/zi-]

*Hadubini* hukuza vitu vidogo vilivyo karibu. *Darubini* huvileta karibu vitu vilivyo mbali, kama nyota. Vitabu vya zamani hutumia *darubini* kwa vyote viwili. Katika maandishi ya sasa ya sayansi, seli hutazamwa kwa hadubini.

jeni nm [i-/zi-], kinasaba nm [ki-/vi-], DNA

*DNA* ni kemikali yenye umbo la uzi mrefu wa nyuzi mbili zilizosokotana, inayobeba maelekezo ya urithi. *Jeni* ni sehemu ya uzi huo yenye maelekezo mahususi, mara nyingi ya kutengeneza protini. *Kromosomu* ni uzi wa DNA uliofungwa pamoja na protini. *Jenomu* ni jumla ya DNA yote ya kiumbe.

*Kinasaba* limeundwa kwa kiambishi *ki-* na neno *nasaba*, lenye asili ya Kiarabu na maana ya ukoo au uzao. Hutumika zaidi katika wingi, *vinasaba*, na huchukua mara maana ya DNA, mara maana ya jeni. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na kwa njia ya mahakama na vyombo vya habari neno hili limeenea.

Mfasiri aangalie mambo mawili. La kwanza, pale ambapo maandishi ya asili yanatofautisha jeni na DNA, *vinasaba* isitumike kwa vyote viwili. Sentensi *Vinasaba hivi vimo ndani ya vinasaba* haina maana. Iandikwe: *Jeni hizi zimo ndani ya DNA.*

La pili lina uzito zaidi. Katika masikio ya watu wengi, *kupima vinasaba* ni kutafuta baba halisi wa mtoto. Fomu ya ridhaa inayosema *Tutapima vinasaba vya mtoto wako* inaweza kumfanya mama akatae utafiti wa malaria au wa magonjwa ya damu, au akubali huku akiogopa matokeo yasiyohusika kabisa. Fomu hiyo inakuwa sahihi kwa kamusi lakini imekosea kwa msikilizaji, na ridhaa iliyotolewa bila kuelewa si ridhaa. Ni bora kusema: *Tutachunguza maelekezo ya urithi yaliyomo katika damu ya mtoto ili kujua kama ana ugonjwa huu. Kipimo hiki hakitumiki kutafuta baba wa mtoto.* Sentensi ya mwisho iandikwe tu ikiwa ni kweli kulingana na utaratibu wa utafiti wenyewe.

urudufishaji, unukuzi, utafsiri

Hatua tatu za kazi ya DNA zimepewa majina yanayofanana na kazi za maandishi, na wafasiri huweza kuzielewa upesi:

*Urudufishaji* ni kutengeneza nakala ya DNA nzima kabla ya seli kugawanyika.

*Unukuzi* ni kuandika ujumbe wa jeni katika RNA. Lugha ya kikemia ni ileile kwa kiasi kikubwa. Herufi ya T tu hubadilishwa na U.

*Utafsiri* ni kusoma ujumbe wa RNA na kutengeneza protini. Hapa lugha hubadilika kweli: kila herufi tatu, zinazoitwa *kodoni*, huonyesha asidi amino moja au mahali pa kukoma.

Kosa la kawaida ni kutumia *kunakili* kwa hatua ya kwanza na ya pili pia. *Kunakili* libaki neno la jumla, na istilahi hizi tatu zitumike pale hatua zinapotajwa kwa majina.

bioinfomatiki nm [i-]

Taaluma inayotumia kompyuta, hisabati na takwimu kuhifadhi, kulinganisha na kufasiri data za viumbe, hasa mifuatano ya DNA na protini. Istilahi ya asili ilibuniwa na Paulien Hogeweg na Ben Hesper wa Uholanzi mwaka 1970. Umbo *bayoinfomatiki* pia hutumika. Anayeandika *bayolojia* aandike *bayoinfomatiki*, na anayeandika *biolojia* aandike *bioinfomatiki*. Mchanganyiko wa tahajia mbili katika maandishi mamoja uepukwe.

Vyuo vikuu hulipanga somo hili kwa namna tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika mkoa unaopakana na Singida, sayansi asilia na informatiki ziko katika ndaki mbili tofauti. Bioinfomatiki hudai ujuzi wa pande zote mbili. *Ndaki* ni kitengo kikubwa cha chuo kikuu chenye idara au shule kadhaa. Isichanganywe na *chuo*.

Istilahi zinazoambatana nayo:

*mfuatano* [u-/i-]: mpangilio wa herufi za DNA au asidi amino. Wingi ni *mifuatano*.

*usomaji wa mfuatano*: kazi ya mashine ya kubaini herufi za DNA moja baada ya nyingine. Neno *upangaji* halifai, kwa sababu mashine haipangi chochote; inasoma mpangilio uliopo.

*ulinganishaji wa mifuatano*: kuiweka mifuatano miwili au zaidi sambamba ili kuona inapofanana na inapotofautiana. Programu maarufu ya kutafuta mifuatano inayofanana, BLAST, ilichapishwa mwaka 1990.

*kanzidata* [i-/zi-]: hazina ya data iliyopangwa ili itafutike kwa kompyuta. GenBank, kanzidata ya mifuatano iliyo wazi kwa watu wote, ilianza mwaka 1982. *Hifadhidata* ni kisawe chake.

Ukubwa wa jenomu usichukuliwe kuwa kipimo cha ubora wa kiumbe. Jenomu ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3, ya alizeti, ambayo mfuatano wake ulichapishwa mwaka 2017, ina takriban bilioni 3.6, na ya kitunguu inakaribia bilioni 16. Kitunguu kina DNA mara tano hivi ya binadamu, ingawa binadamu ana kromosomu 46 na kitunguu kina 16 tu. Kwa hiyo *jenomu kubwa* haimaanishi *jeni nyingi*, na mfasiri asibadilishe moja kwa nyingine. Sehemu kubwa ya DNA ya kitunguu ni mifuatano inayojirudiarudia.

Istilahi hizi zikitumika pamoja: selimundu

*Selimundu* nm [i-/zi-] ni neno lililoundwa kwa *seli* na *mundu*, kifaa kilichopinda cha kuvunia. Ni ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hupinda kama mundu zinapokosa oksijeni ya kutosha, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Jina la mtaani, *siko seli*, linaeleweka na watu wengi, lakini *selimundu* lina faida moja: linamwonyesha msikilizaji umbo la tatizo.

Chanzo chake kinaonekana katika ulinganishaji wa mifuatano ifuatayo ya mwanzo wa jeni ya beta globini:

Kawaida: GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG
Selimundu: GTG CAT CTG ACT CCT GTG GAG AAG

Herufi moja imebadilika katika kodoni ya sita: A imekuwa T. Kwa sababu hiyo, asidi ya glutamiki inachukuliwa nafasi na valini. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo la asidi amino mwaka 1957, kabla mashine za kusoma DNA hazijakuwepo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikuwa ameeleza kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Hiyo ndiyo sababu ya jeni hiyo kuwa nyingi katika maeneo yenye malaria.

Hapa matumizi ya maneno huamua kama mzazi ataelewa hali ya mtoto wake. Sentensi tatu zifuatazo hazina maana moja:

*Mtoto ana selimundu.* Amerithi jeni yenye badiliko kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, na anahitaji huduma ya kudumu.

*Mtoto amebeba jeni ya selimundu.* Amerithi nakala moja tu. Kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kumrithisha mwanawe.

*Mtoto ana chembe mbaya za damu.* Sentensi hii haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Mzazi anaweza kuondoka akidhani ni saratani, au ni uchafu wa damu unaotibika kwa dawa ya siku saba. Isitumike.

Mhudumu anaweza kusema: *Mama, ugonjwa huu mtoto ameurithi kutoka kwenu wote wawili, wewe na baba yake. Hakuna aliyemwambukiza, wala si kosa la yeyote.* Kitenzi *kuambukiza* hakitumiki kwa ugonjwa wa kurithi isipokuwa katika kukanusha kama hapa. Kosa hili huzaa unyanyapaa, na lawama zake mara nyingi humwangukia mama peke yake.

Muhtasari wa matumizi

Andika *seli* katika taaluma. Ukubali *chembe* katika mazungumzo ya hospitali.
Andika *kiini cha seli* pale yai linapotajwa pia.
Andika *ngozi nyembamba ya kitunguu*. Acha *utando* kwa ajili ya seli.
Tumia *hadubini* kwa seli na *darubini* kwa nyota.
Tofautisha *DNA*, *jeni*, *kromosomu* na *jenomu*. Tumia *vinasaba* pale ambapo tofauti hiyo haihitajiki na msikilizaji hatadhani ni kipimo cha kutafuta baba wa mtoto.
Andika *urudufishaji*, *unukuzi* na *utafsiri* kwa hatua tatu mbalimbali.
Tofautisha *kuwa na selimundu* na *kubeba jeni ya selimundu*.

Tazama pia: *kimeng'enya*, *kirusi*, *kurithi*, *nasaba*, *protini*, *ridhaa*.